Grisi ya kinywe: kilainishi au kitelezeshi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninajifunza ufundi wa injini za boti hapa Kigoma. Naandika maelezo kuhusu grisi yenye madini ya kinywe (grafiti) yaliyosagwa kwa nanoteknolojia, yaani ufundi wa vitu vidogo mno. Nimeiita "kilainishi", lakini fundi wangu amekataa. Anasema chuma hakilainiki, niandike "kitelezeshi", au "mafuta" basi. Lipi sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baki na kilainishi.

Fundi wako amelishika neno laini kwa maana moja tu, ile inayopingana na ugumu. Lakini ubao uliopigwa randa nao ni laini, na ugumu wake haujapungua hata chembe. Kilichoondoka ni mikwaruzo. Hiyo ndiyo laini ya mafundi. Umbo la neno nalo halina kasoro: lainisha hutoa kilainishi kama unganisha inavyotoa kiunganishi.

"Mafuta" ndiyo nayakataa kabisa. Hapo Kigoma ukitaja mafuta, mmoja atafikiria mawese, mwingine petroli ya boti. Tena kinywe chenyewe si mafuta. Ni kile cheusi kilichomo ndani ya penseli, na unga wake mkavu hulegeza kufuli iliyogoma bila tone la oili. Kilainishi ni jina la kazi, grisi ni jina la kitu, na viwili hivi havifuatani siku zote. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, injini zake zilipakwa grisi nene kwanza. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Miaka yote ile chini ya maji grisi haikulainisha chochote. Ilikuwa kinga ya kutu.

Kitelezeshi, hata hivyo, nimelipenda, kwa sababu fundi ameona jambo la kweli. Kinywe ni matabaka ya kaboni yaliyopangana kama karata. Ndani ya tabaka atomu zimeshikana imara mno, ila tabaka na tabaka zimeshikana kwa udhaifu, ndiyo maana zinateleza. Basi kitenzi kuteleza kitumie unapoeleza namna kinavyofanya kazi, jina libaki kilainishi, lile ambalo wenye kazi wameshalizoea.

Neno ninalotaka ulibadilishe ni "yaliyosagwa". Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na kufika huko kwa kinywe ni zaidi ya kusaga: matabaka hubanduliwa. Andre Geim na Konstantin Novoselov, waliopata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2010, walibandua kwa utepe wa gundi mpaka wakabaki na tabaka moja, yaani grafini. Na vipande vya kinywe vilivyobanduliwa hivyo vikitiwa kwenye oili hupenda kushikamana na kutuama chini, kwa hiyo usisahau kueleza kinachovizuia.

Sentensi yako ingesomeka hivi: "Kilainishi hiki ni grisi iliyochanganywa na vipande vya kinywe vilivyobanduliwa hadi unene wa nanomita chache."