Ndizi zimejaa, mtoto anadumaaje?
Dada umeuliza inakuwaje mtoto adumae na huku Moshi ndizi zimejaa, sasa shida siyo njaa, ni kumshibisha kitu kilekile kila siku. Kliniki wengi tunaangalia kilo tu kumbe udumavu unaonekana kwenye urefu kwa umri, na utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa, siyo mchezo. Na inaanzia tumboni, zile siku 1000 tangu mimba mpaka miaka 2. Sisi mtu akishajifungua ndo anapikiwa mtori wa nyama, akiwa mjamzito chai ya rangi na ndoo kichwani 😅 Mi dagaa natoa vichwa, nakaanga kavu, nasaga, kijiko kimoja kwenye ndizi za kuponda, mtoto anamaliza bakuli