Babu Fundi: Kabla ya kutia saini, panda kitandani ulale

*Babu Fundi ameunda bodi za mabasi Tanga kwa miaka 31. Kila mwezi anajibu maswali ya wasomaji kuhusu magari, safari na ufundi.*

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi na mume wangu tuna kiwanja kidogo Ushongo, Pangani, karibu na bahari. Kaka yangu anaishi Birmingham, Uingereza, mwaka wa kumi na mbili sasa. Ametualika Oktoba, na anataka kutupeleka kwenye yale maonyesho makubwa ya magari-nyumba na makaravani yanayofanyika ndani ya kumbi za NEC, kituo kikubwa cha maonyesho cha huko. Mume wangu anasema tukiona zuri tulipe kabisa, tulisafirishe kwa meli, tuwe tunalaza wageni kiwanjani na sisi wenyewe tusafirie na watoto wetu wawili. Mimi moyo unasita. Babu, twende tukaangalie au tukanunue?
*Mama Wawili, Chumbageni, Tanga*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nendeni, tena kwa furaha, lakini mkaangalie. Kitabu cha hundi mumeo akiache nyumbani kwa shemeji yake.

Sisemi kwa kusikia. Oktoba 2018 mkwe wangu alinipeleka humo humo. Ukishuka stesheni ya Birmingham International unapita njia ya juu iliyoezekwa, unaingia NEC bila kuguswa na tone la mvua. Ukumbi wa kwanza ulinisimamisha mlangoni. Magari yamepangwa juu ya zulia, taa zinamulika, milango yote wazi, na harufu ni ile ile ya gundi mpya niliyoizoea karakana kwetu Ngamiani siku ya kufunga viti kwenye basi. Nikajiona nipo nyumbani. Kumbi ni nyingi, na ukitoka mmoja unakuta mwingine. Maonyesho haya ya Oktoba ndiyo ambapo watengenezaji wa Uingereza huonyesha matoleo ya mwaka unaofuata. Yako mengine Februari, hapo hapo NEC.

Kwanza tuwekane sawa kwa majina, maana mume wako atakutana nayo. Gari-nyumba lina injini yake: mbele ni Fiat Ducato, Mercedes Sprinter au Ford Transit, nyuma fundi bodi kaweka vitanda, jiko na choo. Karavani halina injini, ni tela la kulala linalovutwa. Kwa kiwanja cha Ushongo mnaweza kudhani karavani ndilo jibu, kwa sababu linakaa tu. Nitarudi hapo.

Sasa uzito. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Nililipenda gari moja. Lilikuwa na vitanda vinne, jiko la mafiga matatu, kabati la nguo lenye taa ndani. Muuzaji, kijana mchangamfu, akaniambia kuna punguzo la siku ile tu, na ameshatoa karatasi ya kianzio. Sikumjibu. Nilifungua mlango wa dereva, nikainama kutafuta kile kibati kilichopigwa ribiti. Kilikuwa na mistari minne ya namba: 3500, kisha uzito wa gari pamoja na tela, kisha 1850 ekseli ya mbele, 2000 ekseli ya nyuma. Basi gari lile likipakiwa kila kitu halitakiwi kuvuka kilo 3,500. Nikamuuliza, likiwa tupu ni kilo ngapi? Akapekua katalogi: 3,140, pamoja na dereva wa kilo 75 na dizeli karibu tangi zima. Na maji je? Akapekua tena: wamehesabu lita 20, tangi ni la lita 100.

Nikatoa daftari. Zimebaki kilo 360. Jaza tangi la maji, lita 80 zilizobaki ni kilo 80, unabaki na 280. Mke wa dereva, 70. Watoto wawili, 80 kwa pamoja. Umebaki na 130. Turubai la kivuli la ubavuni, 30. Betri ya pili ya taa na feni, 25. Mtungi wa gesi wa kilo 15 kama wa kwetu, ukijumlisha chuma chake haukosi kilo 30. Zimebaki kilo 45, mwanangu. Humo uweke sufuria, unga, mchele, nguo za watu wanne, mashuka, vyandarua na tairi la akiba kama hawakuliweka, maana mengi siku hizi huja na kopo la kuzibia pancha tu. Nilimwonyesha yule kijana hesabu. Alinyamaza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nilikuwa mtu wa kwanza siku ile kuinama kwenye kile kibati. Nikamshukuru kwa kusema kweli.

Huko Uingereza wengi wanang'ang'ania 3,500 kwa sababu ya leseni. Aliyefaulu udereva tangu Januari 1997 leseni yake ya kawaida inaishia hapo. Waliotangulia waliruhusiwa hadi kilo 7,500. Watengenezaji wanabana ndani ya namba hiyo hata kwa gari la vitanda vinne. Kwetu gari la uzito huo na kuendelea linaingia mizani, na mkiwa mnatoka Dar kwa Chalinze mtapita Vigwaza. Msiseme hamkuambiwa.

Jambo la pili ni kulala. Nilimwona mzee mmoja na mkewe, umri kama wangu, ndani ya gari lenye kitanda kilichokaa kwa upana nyuma kabisa. Walivua viatu mlangoni. Mke akapanda akajilaza upande wa ukutani, mume upande wa nje. Wakatulia kimya kama dakika tatu, watu wanapita. Kisha mke akasema kitu, akaanza kutoka kama anayekwenda chooni usiku. Ikabidi mume aamke, ateremke, asimame pembeni, ampishe, apande tena. Wakarudia mara mbili. Wakatazamana, wakavaa viatu, wakaenda gari la pili lenye vitanda viwili vya pembeni. Nilijifunza kwao kuliko kwa katalogi zote nilizobeba. Fanyeni vivyo hivyo na mumeo. Laleni, kaeni mezani wote wawili, simama jikoni ujifanye unasonga ugali uone kiwiko kinagonga wapi, ingia chooni ufunge mlango. Hakuna atakayewashangaa, ndiyo kazi ya siku ile.

Jambo la tatu ni la Tanga na Pangani, na muuzaji wa Birmingham hawezi kulijua. Muulize friji ni la aina gani. Mengi yana friji linalokubali gesi, betri na umeme wa nyumba. Ni zuri kwa baridi yao, lakini halina kompresa, na joto letu la Februari linalishinda, tena likikaa mshazari halipoozi vizuri. Friji la kompresa linavumilia. Kisha muulize kuhusu dhamana ya kutovuja maji. Atakwambia kwa fahari miaka kadhaa. Mwambie akusomee masharti: kila mwaka gari lipimwe unyevu kwenye karakana waliyoiidhinisha, ukikosa mwaka mmoja dhamana imekufa. Karakana hiyo Pangani iko wapi? Kuta zile ni tabaka nyembamba za bati au faiba na povu katikati, nyingine zina fremu ya mbao ndani. Maji yakipenya kwenye pembe ya dirisha huyaoni hadi ukuta umelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Masika yetu unayajua, na upepo wa chumvi wa Ushongo unaujua kuliko mimi. Ndiyo maana karavani la kukaa tu pale ufukweni silishauri. Kwa kiwanja, jengeni banda la makuti lenye sakafu nzuri, mgeni atalala vizuri zaidi na fundi wa kulitengeneza yupo jirani.

Na hamu ya kusafiri na watoto? Hiyo ni hamu njema na sitaki kuizima. Chukueni daftari na tepu. Pimeni urefu wa vitanda, upana wa njia ya katikati, kimo cha jiko, jinsi tangi la choo linavyovutwa nje kwa kijimlango kama droo. Chora. Piga picha za bawaba na vifungo. Kisha rudini, tutafute Kosta yenye chasisi nzima na injini ambayo kila fundi wa Segera hadi Lushoto anaijua, tuijenge hapa hapa. Nimestaafu, lakini kwa hilo nitakuja karakana kila asubuhi.

SWALI: Shikamoo Babu Fundi. Mimi ni seremala Bagamoyo, nachonga milango na kutengeneza samani. Rafiki yangu Mjerumani niliyemtengenezea kitanda amenialika Düsseldorf mwisho wa Agosti, anasema kuna maonyesho ya makaravani makubwa kuliko yote. Mimi sina gari wala sina mpango wa kununua. Kuna faida yoyote kwangu?
*Seremala, Bagamoyo*

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Wewe ndiye hasa wa kwenda, hata kuliko wanunuzi.

Hayo ni Caravan Salon. Yalianza 1962 mjini Essen, baadaye yakahamia Düsseldorf, kwenye viwanja vya maonyesho kando ya mto Rhein. Watu wengi huja na magari-nyumba yao wenyewe, wanayaegesha kwenye uwanja wa P1 na kulala humo siku zote za maonyesho. Mwombe rafiki yako akupeleke huko jioni. Kwenye kumbi utaona samani mpya, na P1 utaona samani zilizokwisha kusafiri miaka kumi. Angalia wapi zimelegea.

Sisi tumelelewa na mninga na mkongo, na uzuri wa kazi tunaupima kwa uzito mkononi. Kwenye gari hesabu inageuka, kama nilivyomweleza dada yako wa Chumbageni hapo juu. Wenzetu wanatumia plaiwudi nyepesi ya mti wa popla, na mlango wa kabati unaubeba kwa vidole viwili. Vuta droo: haitoki mpaka ubonyeze kitufe, maana gari likikata kona droo isiyo na kufuli inamwaga vijiko vyote. Pitisha kiganja kwenye kingo za meza, zote zimeviringishwa, kwa sababu mtu atajigonga tu gari likiyumba. Chungulia chini ya kitanda uone jinsi ubao unavyoinuliwa na mikono ya gesi. Kila kitu kimeshikwa kwa skrubu na gundi pamoja, kwa ajili ya mtikisiko wa barabara, na barabara zao hazina matuta yetu. Wewe utaongeza.

Kitu kimoja zaidi, mtu asije akakuagiza ukanyamaza. Wajerumani wanaendesha kulia, hivyo mlango wa sebule wa magari yao uko ubavu wa kulia, upande wa kando ya njia. Lilete gari hilo hapa, uliegeshe ukingoni kwa barabara ya Msata, mtoto anafungua mlango anashukia kwenye malori. Mteja yeyote akikuomba ushauri, mwambie hilo kabla ya mengine yote.

Ufundi wako wa kuchonga usiuache. Pembe moja ya nakshi za Bagamoyo kwenye mlango mwepesi, nani anayo?

SWALI: Babu, nina safari ya kwenda kwenye maonyesho kama hayo na mama mkwe wangu wa miaka 68, magoti yanamsumbua. Ataweza?
*Mkwe, Raskazone*

JIBU: Ataweza mkimpangia. Kumbi zile ni kutembea siku nzima juu ya zege lenye zulia jembamba, na mimi nilivaa viatu vipya vya ngozi. Saa nane mchana miguu ilikuwa imevimba nikakaa kwenye ngazi ya karavani la watu. Avae raba alizozizoea. Chagueni kumbi mbili tu kwenye ramani kabla hamjatoka nyumbani, na muanze na ile ya mbali asubuhi angali na nguvu. Ngazi za kuingilia ndizo zitakazomchosha, nyingi ni kidaraja kimoja kirefu, kwa hiyo ashike mshikio wa mlangoni kwanza, na wewe usimame nyuma yake. Akishaingia, mwache akae. Viti vya humo ni laini, hakuna anayefukuza mzee, na wewe utapata nafasi ya kufungua makabati yote kwa utulivu.

Ukirudi niletee vipimo vya hiyo ngazi. Nataka ya kwenye Kosta iwe na vidaraja viwili.