Wezi wakiingia usiku, nipambane au nijifungie?

SWALI: Habari za kazi. Nina mke na watoto wawili, mmoja miaka 9 mwingine 4, wanalala chumba chao. Juzi kati wezi walivunja mlango kwa jirani usiku wenyewe wakiwa ndani, jirani akataka kupambana nao akakatwa mkono. Tangu hapo nalala na panga chini ya kitanda. Mke wangu anasema hilo panga ndo litatumaliza, bora tujifungie chumbani. Sasa mimi mwanaume nijifiche kwangu huku watu wanabeba vitu? Nani yuko sahihi?
Baba wa wawili

JIBU: Kaka pole sana, na jirani naye Mungu amponye. Mkeo yuko sahihi. Hebu fikiria, umeshtuka usingizini, giza, hujui wako wangapi wala wamebeba nini, unatoka koridoni na panga na kuna mtu anakuja mbio kwako, utajuaje kama sio mwanao wa miaka 9 kaogopa anakukimbilia? Halafu panga mkononi mwako wakikuzidi nguvu linakuwa lao. Mwizi aliyekuja kubeba tv akiona ana njia ya kutoka mara nyingi anatoka, ukimziba mlangoni ndo anakugeukia.

Kazi yako usiku huo ni moja tu, watu wako wote wawe nyuma ya mlango mmoja uliofungwa, basi. Kwa hiyo chagueni chumba sasa hivi. Mimi ningechagua cha watoto, sababu ni rahisi nyie wakubwa wawili kukimbilia huko kuliko kumuamsha wa miaka 4 umvushe koridoni gizani. Kama chumba chenu kiko jirani kabisa na chao sio mbaya kuwahamishia kwenu kwa muda, hakuna aibu.

Huo mlango sasa. Watu wananunua kitasa cha bei mbaya halafu kibati kinachopokea ulimi wa kitasa kwenye fremu kimeshikwa na viskrubu vifupi vya sentimita 2, teke moja fremu inapasuka na kitasa kinabaki kizima kabisa! Weka skrubu za sentimita 7 au 8 ziingie mpaka ndani ya mbao au ukuta, ongeza na komeo juu na chini kwa ndani. Mlango wa nje ufanye hivyo hivyo.

Simu ilale humo ikiwa na chaji. Hifadhi namba ya kituo cha polisi kilicho karibu na za majirani wawili watatu wanaopokea usiku. 112 imewekwa kwenye mfumo wa simu za mkononi kama namba ya dharura ndo maana inapigika hata simu ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Ukipokelewa anza kutaja mahali ulipo kabla ya maneno mengine, simu ikikatika angalau wanajua waje wapi. Usikate, iache hewani. Na piga kelele ukiwa ndani, wajue mmeamka na msaada umeitwa.

Wakikuwahi kabla hujafunga, toa wanachotaka, usiwakazie macho. Wakiondoka usiwafuate, na msishike vitu mpaka polisi waje wachukue alama za vidole.

Kitu kingine naomba sana usikipuuze, ufunguo. Dirisha lina nondo, mlango una kufuli kwa ndani, ufunguo hajui mtu ulipo, siku moto ukiwaka hiyo nyumba inakuwa jela. Ufunguo uwe na sehemu moja, usionekane na mtu wa dirishani ila nyie wote mnaupapasa gizani mnaupata, hata huyo wa miaka 9.

Fanyeni mazoezi mchana kama mchezo, chagueni neno moja, ukilitamka kila mtu anakimbilia chumbani, taa hakuna maswali hakuna. Mdogo atacheka mara ya kwanza, mara ya tatu anakuwa ameshazoea.

Na panga litoe leo hii chini ya kitanda, huyo wa miaka 4 analifikia.