Lundo la mboji shuleni linanuka

SWALI: Klabu yetu ya mazingira hutengeneza mboji kwa mabaki ya jikoni. Baada ya wiki 2 tu lundo linanuka kama choo, nzi wamejaa, na mwalimu mkuu anataka lifukiwe. Tufanyeje? – Mwalimu, Urambo, Tabora

JIBU: Msilifukie, mwalimu. Hiyo ni harufu ya lundo lililokosa hewa: ukoko wa ugali na makombo ya maharage yamezidi vikavu. Kila ndoo 1 ya mabaki ya jikoni ichanganywe na ndoo 3 za majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, hata karatasi za madaftari ya zamani zilizochanwa. Majani ya mwembe yapondeni kwanza, la sivyo mtayakuta vilevile mwakani.

Lipindueni leo mkiongeza vikavu, kisha lifunikeni kwa majani makavu unene wa sentimita 10. Nzi watakosa pa kutagia. Lundo liwe mita 1 kila upande. Likiwa dogo, halishiki joto. Chomekeni kijiti katikati, kichomoeni baada ya dakika 10: kikitoka cha moto, mambo yanakwenda. Kikitoka baridi na kikavu, mwagieni maji. Kiangazi shida yenu itakuwa ukavu, wala si harufu. Kamueni kiganja kimoja cha mboji: matone mawili yanatosha, yakichuruzika mmezidisha.

Mabua ya tumbaku, ambayo huko kwenu hayakosekani, yaacheni kabisa. Huweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya za bustani yenu.