Maswali ya Wasomaji: Triathloni Mvua Inaponyesha

Barua tatu za mwezi huu zimekuja na wasiwasi mmoja. Wasomaji wamejiandikisha katika triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila kupumzika katikati, na sasa hali ya hewa inawatia hofu. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inabeba mambo ambayo karibu kila anayeanza mchezo huu hapa Nairobi hukutana nayo.

Swali: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 38, na ninafanya kazi ya uhasibu katikati ya jiji. Nimejiandikisha katika triathloni yangu ya kwanza, ile fupi ya kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20 na mbio kilomita 5, itakayofanyika Nairobi mwishoni mwa Aprili. Tutaogelea katika bwawa lisilo na paa. Nimefanya mazoezi tangu Januari jua likiwaka, lakini masika yameanza, na Jumamosi iliyopita nilirudi nyumbani na baiskeli nikiwa nimelowa na kutetemeka hata nikashindwa kufungua kufuli ya lango. Mama yangu ananisihi nijitoe, akisema nitapata nimonia. Mume wangu anasema nimelipa ada na nimejiandaa, kwa hiyo niende. Nimsikilize nani? (Msomaji wa Donholm)

Dada yangu, kabla ya kuchagua kati ya mama na mume, rudi kwenye jambo uliloliandika mwenyewe, pengine bila kulipa uzito: ulishindwa kufungua kufuli. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko yote katika barua yako. Mwili unapopoa hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili kulinda moyo, mapafu na ubongo, na vidole hufa ganzi mapema, kabla mtu hajajihisi kuwa na tatizo lolote. Vidole visivyoweza kuzungusha ufunguo haviwezi kukaza breki inavyotakiwa, na kwenye mteremko uliolowa hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Mama anastahili kujibiwa kwa heshima. Nimonia husababishwa na vimelea, hasa bakteria na virusi, na kunyeshewa peke yake hakuvileti vimelea hivyo mwilini. Hata hivyo hofu yake si ya bure, kwa maana baridi ina madhara yake yenyewe: joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi za Selsiasi, na likishuka chini ya 35 mtu anahitaji kusaidiwa haraka. Wengi wetu hudhani hayo ni mambo ya nchi za theluji. Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake za mvua ni za baridi kweli, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi kubwa mno kuliko hewa kavu.

Sasa tazama jinsi michezo hii inavyofuatana. Unatoka majini ukiwa umelowa chapachapa, unapanda baiskeli na kujitengenezea upepo wa kilomita 20 au 25 kwa saa, ukiwa umekaa karibu bila kutikisa mikono, kisha ndipo unapofika kwenye mbio ambazo hukurudishia joto baada ya dakika chache. Kwa hiyo, kwa mtu wa kiwango chako, matayarisho yote ya mvua yaelekezwe kwenye ile saa moja ya baiskeli. Ukitoka bwawani, tumia dakika nzima kujifuta kifua na mikono kwa taulo, kisha uvae jaketi jepesi linalobana mwili na kuzuia upepo. Usivae yale makoti makubwa ya mvua ya waendesha bodaboda, kwa sababu hujaa upepo kama tanga na kukuyumbisha. Kama huna jaketi la namna hiyo, fuata desturi ya zamani ya waendesha baiskeli wa milimani, ambao huweka karatasi za gazeti kifuani chini ya fulana kabla ya kuteremka. Gazeti huzuia upepo vizuri sana, japo litalowa baadaye. Dakika utakayoipoteza hapo utaifidia mara nyingi kwa kuwa na mikono inayofanya kazi.

Soksi na viatu vya kukimbilia viweke katika ndoo ndogo yenye mfuniko pale penye baiskeli yako. Zamani tungesema mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na kusema kweli ndoo ni bora kwa sababu unaweza kuikalia unapofunga kamba za viatu. Chakula chochote utakachokula barabarani kifungue kabla ya kuanza, kwa maana karatasi ndogo inayofunguka kwa urahisi ukiwa jikoni huwa mtihani kwa vidole vilivyopoa. Maji pia unywe hata kama husikii kiu.

Barabara ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko baridi. Mvua ya kwanza baada ya siku nyingi za jua huinua mafuta na vumbi lililoshindiliwa kwenye lami, na nusu saa ile ya mwanzo utelezi huwa mkali kuliko hata mvua ikinyesha siku nzima. Rangi nyeupe za vivuko vya waenda kwa miguu, vifuniko vya chuma vya mitaro na rangi za matuta huteleza kama sabuni. Mimi mwenyewe niliwahi kuanguka kwenye kivuko kimoja asubuhi ya manyunyu tu, si mvua kubwa, kwa sababu nilikunja kona na kushika breki kwa wakati mmoja juu ya rangi; nilikaa wiki sita bila kuweza kuinua mkono wa kushoto kupita bega. Tangu hapo ninawafundisha wanafunzi wangu kumaliza kazi yote ya breki baiskeli ikiwa bado imenyooka, kuziachia breki kabla ya kona, na kupita kwenye rangi na chuma bila kupiga pedali wala kugeuza usukani. Kama baiskeli yako ina breki za kubana rimu, fahamu kwamba mzunguko wa kwanza wa gurudumu hutumika kufuta maji tu, kwa hiyo anza kuzigusa mapema. Punguza upepo wa tairi kidogo, kwa mfano kutoka psi 100 hadi 90 (namba za kipimo cha pampu) kwa zile nyembamba, ili mpira ushike barabara vizuri zaidi. Wala usipite katikati ya dimbwi usilolijua, hata kama wengine mbele yako wamepita, kwa sababu hakuna mkazi wa Nairobi asiyejua kinachoweza kuwa chini yake.

Radi ni jambo ambalo halina mjadala. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, na ukisikia ngurumo kabla hujafika 30, radi iko ndani ya kilomita kumi, na watu wote watoke majini na kuingia ndani ya jengo. Kanuni inayotumika sana ni kusubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wasimamizi wakichelewa kutoa amri hiyo, toka wewe mwenyewe.

Basi uamuzi wangu ni huu. Katika wiki zilizobaki tafuta asubuhi moja ya mvua isiyo na radi, uogelee nusu saa, uvae jaketi lako, kisha uendeshe baiskeli dakika 40 ukiwa na mwenzako na taa nyekundu inayowaka nyuma. Ukifika langoni, jaribu kufuli ileile. Ikifunguka bila shida, nenda kashindane kwa amani. Ikikataa, ongeza nguo na glavu ujaribu tena wiki inayofuata. Ikikataa tena, nitakuwa upande wa mama yako.

Siku yenyewe, mkono ukishindwa kukaza breki, simama na umwambie msimamizi. Kutetemeka si kubaya sana, kwa kuwa ndiyo njia ya mwili kujitafutia joto. Kinachotisha ni mtu aliyepoa ambaye ameacha kutetemeka, anaongea kwa ulimi mzito na kujikwaa, na pengine anadai kwamba yuko sawa. Mtu huyo avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, afunikwe mablanketi, apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza, na apelekwe hospitali. Asisuguliwe mikono na miguu kwa nguvu, na asipewe pombe kwa dhana kwamba itampasha moto. Mwombe mama yako awe pale mwisho wa mbio na blanketi zito na chupa ya chai ya tangawizi. Mtu anayeiogopa baridi ndiye atakayekuangalia vizuri kuliko sisi tulioizoea.

Swali: Ninaishi Ngong na nimezoea kuogelea bwawani. Mwezi Julai nitashiriki triathloni ya mita 1,500 katika bahari ya Pwani, na rafiki zangu wa Mombasa wananiambia wakati huo bahari huchafuka. Nivae lile vazi la mpira la kuogelea (wetsuit) ili linisaidie kuelea? (Msomaji wa Ngong)

Rafiki zako wanasema kweli. Julai ni wakati wa kusi, upepo wa kusini-mashariki uleule ambao majahazi yalikuwa yakiungoja ili kurudi Uarabuni, na mawimbi yake si ya kuchezea. Vazi la mpira lakini lisahau. Kanuni za kimataifa za triathloni haziruhusu washiriki wa kawaida kulivaa katika umbali huo maji yanapofika nyuzi 22 au zaidi, na bahari yetu haishuki hadi hapo hata Julai.

Ninalokusihi ni kujifunza kuvuta pumzi pande zote mbili. Ukiogelea kuelekea kaskazini sambamba na ufuo wetu, bahari kuu iko kulia kwako, na anayejua kupumua kulia pekee atameza maji ya chumvi kila wimbi linapomjia. Fanya zoezi hilo hukohuko bwawani: pumua kushoto urefu mmoja wa bwawa, kulia urefu unaofuata, na uwaombe wenzako wawili wakurushie maji usoni unapopita. Jizoeze pia kuinua macho kutazama mbele kila baada ya mikono minane hivi, ila baharini subiri wimbi likubebe juu ndipo utazame, kwa sababu ukiinua kichwa bondeni mwa mawimbi hutaona boya, utaona maji tu. Fika siku mbili mapema, uwaulize wavuvi wa hapo saa za maji kujaa na kupwa na mkondo unaelekea wapi, kisha uogelee kidogo na mwenyeji, kamwe si peke yako.

Lazima niseme na lile ambalo wengi hulikwepa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya matukio 135 ya vifo na ya mioyo kusimama ghafla katika triathloni za nchi hiyo kati ya 1985 na 2016, na 90 kati ya hayo yalitokea wakati wa kuogelea. Wengi walikuwa wanaume wa makamo. Sikuelezi haya ili uache. Ninakueleza ili, kama umewahi kuumwa na kifua ukifanya mazoezi, au kuzimia, au kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, umwone daktari kabla ya Julai. Na hofu ikikushika majini, geuka chali, inua mkono mmoja, ushike mtumbwi wa waokoaji. Kanuni zinakuruhusu kupumzika ukiwa umeushika mradi usikusogeze mbele, na baada ya hapo unaweza kuendelea na mashindano.

Swali: Mwaka jana tulifika kwenye mashindano tukaambiwa kuogelea kumefutwa kwa sababu mvua ya usiku imechafua maji, na tukakimbia mara mbili badala yake. Nilidai nirudishiwe ada, wakakataa. Je, sikuonewa? (Msomaji wa Kiambu)

Kwa maoni yangu hukuonewa katika uamuzi wa kufuta kuogelea. Mvua kubwa husukuma maji taka kutoka mitaroni hadi kwenye mito na mabwawa, na hakuna medali inayostahili homa ya matumbo. Hata katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, triathloni ya wanaume iliyopangwa tarehe 30 Julai 2024 iliahirishwa hadi kesho yake kwa sababu mvua ilikuwa imechafua mto Seine. Waandaaji wadogo hawana uwezo wa kufunga barabara siku ya pili, kwa hiyo hubadili kuogelea kuwa mbio.

Kuhusu ada, jibu liko katika fomu uliyotia saini. Nyingi husema wazi kwamba hairudishwi hali ya hewa ikibadili mashindano, kwani fedha hizo huwa zimekwisha kulipia ambulansi, waokoaji na vibali. Lakini kama fomu yako haikusema hivyo, waandikie waandaaji barua ya adabu ukiambatisha nakala ya fomu, uombe angalau nafasi katika mashindano yajayo bila kulipa tena.