Wengi waling'ang'ania Arthur, akaitwa Louis

Ndugu yangu, umeuliza ilikuwaje tukakosea jina la mtoto wa tatu wa Mwanamfalme William wa Uingereza na mkewe Kate. Alizaliwa tarehe 23 Aprili 2018. Pale Buckingham Palace wakasimamisha tangazo kwenye fremu: mtoto wa kiume, mama na mwana wazima. Jina halikuwemo, tukasubiri siku nne tukibishana! Kwenye kubeti Arthur aliongoza, James na Albert wakimfuata. Mimi nilikuwa Albert damu, maana ndilo jina la kuzaliwa la Mfalme George wa Sita, baba yake Malkia Elizabeth. Louis nilimfuta mapema kabisa. Kaka mtu si anaitwa George Alexander Louis? Nani angelirudia jina lile lile nyumba moja?

Kumbe wao hawajali. William mwenyewe ni William Arthur Philip Louis, na Louis ni kumbukumbu ya Lord Mountbatten, mjomba wa Philip (mume wa Malkia Elizabeth), ambaye aliuawa na IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, mwaka 1979. Mtoto akawa Louis Arthur Charles, kwa hiyo Arthur wako ulimpata, ila katikati. Na linatamkwa “Lui” bwana, si “Luisi”.