Mjukuu wangu alizaliwa na arosto

SWALI: Sista, ninalea mjukuu wangu wa miaka sita hapa Nyalenda, Kisumu. Binti yangu alikuwa akitumia unga, yaani heroini, Mombasa alipokuwa na mimba yake. Mtoto hatulii. Sufuria ikianguka, anaziba masikio na kujificha chini ya meza. Darasani anauma wenzake. Mwalimu ameniambia nimchape mpaka "damu ya unga" imtoke. Je, ameharibika? – Dani, Nyalenda

JIBU: Mama, hakuna damu ya unga. Neno hilo limeniuma sana.

Watoto wanaozaliwa na arosto, yaani mwili kudai dawa uliyoizoea, nimewapakata wodini. Siku ya kwanza au ya pili kidevu kinaanza kutetemeka, chafya mfululizo, kilio chembamba kisichonyamazishika. Ziwa analitaka lakini kunyonya kunamshinda. Heroini ilikuwa ikimfikia kupitia kondo, kitovu kikikatwa nayo inakatika. Tulikuwa tunazima taa, tunamfunga leso, tunamlaza kifuani. Wengine walihitaji matone ya mofini, yakipunguzwa polepole. Arosto hiyo huisha.

Baadhi yao hubaki na shida ya kutulia na kuzuia hasira. Lakini sigara, pombe, njaa wakati wa mimba na kuhamishwa mkono hadi mkono pia huacha alama, na hata watafiti huona vigumu kuvitenganisha.

Mpeleke kwanza akapimwe macho na masikio. Makengeza huwapata zaidi watoto hawa, na asiyeona ubao atacheza tu. Kisha mwalimu mkuu akuelekeze kituo cha EARC, wanakopima watoto wenye mahitaji maalum.

Nyumbani mpe agizo moja moja. "Leta viatu." Akivileta, msifu, ndipo useme la pili. Kuoga, kula na kulala viwe saa zile zile kila siku. Akiingia chini ya meza, usimvute mguu. Keti sakafuni karibu naye, ongea kwa sauti ya chini hadi atoke mwenyewe.

Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001. Mkumbushe mwalimu kwa upole, umwombe amkalishe mbele, mbali na mlango.

Binti yako umemtaja kwa mstari mmoja tu. Kama bado yuko Mombasa na anatumia, kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, iko Kisauni. Na akishika mimba nyingine, mwambie asiache unga ghafla akiwa peke yake, maana arosto kali humhatarisha mtoto tumboni. Aende kliniki mapema, na kama nauli inawezekana, umsindikize.